Umetumwa na nani?

Tangu Jumanne swali hili halinitoki. Nikiwa kwenye daladala nalisikia, nikikuna nazi nalisikia. Harusi ya mdogo wangu imepita salama, wageni wa Pemba wamekuja na wamerudi, alhamdulillahi, na hata pale ukumbini akili yangu ilikuwa bado kwenye kile kikao cha wafanyakazi hotelini kwetu.

Mnajua wasichana wetu wa vyumba wanakatwa mshahara kila taulo la bwawani likipotea. Mgeni anaondoka nalo sandukuni, analipa aliyemtandikia kitanda. Nikanyoosha mkono, nikauliza makato hayo yameandikwa wapi kwenye mkataba. Sikupaza sauti. Meneja akaweka kalamu chini.

"Bibie, wewe uko mapokezi. Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa na mtu."

"Haya."

Akaendelea na ratiba ya msimu. Hiyo "haya" ndiyo iliyoniuma. Si ya hasira, si ya kukubali. Ni ya mtu anayeamini kwamba mfanyakazi hawezi kufikiri jambo mwenyewe, lazima ametiwa maneno.

Ningetaka kumwambia nimetumwa na Rashidi. Wale mlionihimiza nisome *Kuli* cha Adam Shafi mnamjua: mtoto wa kuli, naye akawa kuli. Kitabu kimetoka 1979 na mimi ndiyo kwanza nimekisoma, usiku, baada ya zamu. Kilichonishika ni jinsi mtu anavyoanza kuona kwamba shida aliyodhani ni bahati yake mbaya ni ya wote wanaobeba pamoja naye. Na mgomo wa makuli uliomo kitabuni haukutungwa. Agosti 1948 makuli wa bandari ya Unguja waliweka mizigo chini, bei za vyakula zimepanda tangu vita, mshahara haufiki, na mgomo ukaenea mjini kote. Mimi napita Malindi, hapo hapo bandarini, kila siku! Nilimuuliza Baba kama babu alikuwemo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mzee hakuwa akisimulia kazi. Bega lake moja lilikuwa chini, hilo tu nalikumbuka."

Nililia, sikufichi.

Basi Alhamisi nilikuwa nyuma, upande wa dobi, akanifuata mmoja wa wale wasichana, yule mpole asiyesema kikaoni. Akatoa mfuko wa nailoni. Ndani mna slipu zake zote za mshahara, zimekunjwa vizuri.

"Dada, nilikuwa naziweka tu. Sikujua za nini."

Kesho yake wakaja wenzake na zao. Ijumaa hiyo nilirudi nyumbani nimebeba mkoba mzito na moyo mwepesi, nikacheka peke yangu barabarani. Sasa zimejaa mezani kwangu, pembeni ya Sheria ya Ajira ya Zanzibar namba 11 ya 2005, nami nasoma sehemu ya malipo ya mshahara polepole na penseli mkononi. Wiki ijayo tunamtafuta mtu wa chama cha wafanyakazi, twende pamoja, si mimi peke yangu.

Mama lakini. Jicho la kushoto anasema sasa ni ukungu mtupu, na leo amemimina chai nje ya kikombe. Miadi ya daktari ni Jumatano, siku yangu ya zamu ya asubuhi, na kaka hashiki simu.