Siku moja maishani mwangu: kiti mwendo, kamera na hesabu ya dakika

Naigiza tamthilia za televisheni Dar es Salaam. Uti wangu wa mgongo uliumia kwenye pingili ya tano ya kifua: mikono ina nguvu zake zote, lakini kuanzia chini ya chuchu hakuna hisia wala msuli unaotii, tumbo likiwemo. Naeleza siku ya kurekodi kwa wenzangu wanaoingia kwenye fani na kwa waongozaji wanaotuita. Kwa ninavyoona, wenye ulemavu wanaoiacha kazi hii mara nyingi hawajakosa kipaji. Wamechoshwa na ratiba ambayo dakika zao hazikuhesabiwa.

Saa 10 alfajiri

Mkojo kwanza. Kibofu hakinipi taarifa, kwa hiyo naifuata saa: kila baada ya saa 4 hadi 6, na kiasi kisizidi mililita 500 kwa mara moja. Sabuni na maji, jeli, mpira mwembamba wa kutolea mkojo (katheta), subiri umalizike wote, toa taratibu. Nyumbani ni dakika 10. Kwenye choo nisichokijua ni 20, na hizo 10 za ziada hakuna anayeziandika popote.

Haja kubwa ni jambo jingine. Inataka dakika 45 hadi saa nzima, siku moja ndiyo na siku moja hapana, na mwili huitikia vizuri baada ya chai ya moto au chakula. Wiki ya kurekodi naihamishia jioni, ila tumbo halihami kwa usiku mmoja. Linahitaji siku kadhaa lizoee. Ndiyo maana nataka ratiba ya wiki nzima mapema, si ujumbe unaoingia usiku ukisema "kesho saa 12 kamili".

Kisha kiti. Naminya matairi, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo huchosha bega na pia hulegeza breki, ambayo hushika kwa kukandamiza tairi lenyewe. Mto wa hewa naupima nikiwa nimeukalia: natelezesha mkono chini yake na kutafuta mfupa wa kalio. Kati ya mfupa na sakafu ya kiti ibaki nafasi ya sentimita 1.5 hadi 2.5. Hewa ikizidi unayumba. Ikipungua mfupa unagota chini, na hapo kidonda kinaanza. Mwisho natoa nywele na nyuzi zilizojisokota kwenye vigurudumu vya mbele. Hizo ndizo zinazolia wakati wa kurekodi, na fundi sauti hana njia ya kuziondoa baadaye.

Saa 11 na nusu

Mwendokasi ya njia ya Kimara, iliyoanza mwaka 2016, ina vituo vyenye mteremko na sakafu inayolingana na ya basi. Kwa kiti mwendo ndiyo nafuu kubwa kuliko zote mjini, mradi uwahi kabla watu hawajajaa. Basi likisimama mbali na ukingo, unabaki mwanya unaomeza vigurudumu vya mbele. Ingia kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie. Kutoka kituoni hadi eneo la kazi ni bajaji: magurudumu yanachomolewa, fremu inapakiwa nyuma ya kiti. Nauli ya bajaji ya kwenda na kurudi imo kwenye mkataba. Haikatwi kwenye malipo yangu.

Saa 1 asubuhi

Tamthilia zetu nyingi hurekodiwa kwenye nyumba za kukodi, nzuri machoni, zenye ngazi mlangoni na vigae vinavyoteleza. Ngazi mbili za sentimita 15 kila moja, kwa uwiano wa 1 kwa 12 (kupanda sentimita 1 kwa kila 12 za kwenda mbele), zinataka ubao wa mita 3.6. Ubao wa mita moja na nusu ambao seremala wa seti huuita rampu unafaa kupandishia jenereta.

Karatasi ya mahitaji, ambayo ni kiambatisho cha mkataba, ndiyo inayookoa asubuhi. Yangu ni ya ukurasa mmoja: upana wa kiti (sentimita 62), kwa hiyo mlango usiwe chini ya 70 ukiwa wazi kabisa, chumba chenye kitasa na sehemu ya kunawa, hata kama si choo, mapumziko ya dakika 20 kila baada ya saa 4, msaidizi anayelipwa na kampuni, simu ya mtu mmoja anayehusika. Mlango wa choo ukiwa mwembamba natumia mpira wenye mfuko wake ndani ya chumba hicho. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ipo na ina maneno mazuri, lakini mgawo wake wa asilimia 3 unawahusu waajiri wenye wafanyakazi 20 na zaidi. Sisi wa kulipwa kwa kazi tunalindwa na karatasi tuliyosaini.

Saa 2

Mpira tena, kisha mavazi. Suruali isiwe na mifuko ya nyuma wala mshono mnene kwenye makalio, na kiuno cha nyuma kiwe kirefu kuliko cha mbele. Viatu vizidi saizi moja, kwa kuwa miguu huvimba ikining'inia kutwa na kidole kilichokunjwa ndani hakitasema kinaumia. Nashauri mtu wa mavazi aikague suruali mhusika akiwa amekaa. Iliyopimwa mtu akiwa amesimama huwa kubwa tumboni akikaa. Mkanda wa kifua unaonishikilia kitini unapita chini ya shati, na kinasa sauti kinawekwa juu zaidi, kisigusane nao, la sivyo kila pumzi inasikika ikikwaruza.

Saa 3 hadi saa 6

Hapa ndipo kazi ilipo.

Bila misuli ya tumbo, pumzi ni fupi na mikono ina kazi mbili: kusukuma na kushikilia kiwiliwili. Huwezi kusukuma kiti na kutamka sentensi ndefu kwa pamoja bila sauti kukatika. Sukuma mara mbili, acha kiti kiserereke, sema. Sentensi ndefu naigawa kwa alama ya mkwaju (/) kwenye skripti nyumbani, na muongozaji nampa nakala iliyogawanywa ili asidhani nimesahau maneno. Ukitaka kuinua mikono yote miwili kwa hasira utaanguka mbele. Ingiza kiwiko cha upande usioonekana na kamera nyuma ya mshikio wa kiti, kisha gomba kwa mkono mmoja. Mwenzako akikukumbatia asikuegemee, avute kuelekea kwake. Mambo haya yafanyiwe mazoezi kabla taa hazijawashwa.

Alama za sakafuni hubandikwa mbele ya vidole vya mtu aliyesimama. Mwenye kiti haioni iliyo chini ya magoti yake, kwa hiyo utepe uwekwe pembeni, sambamba na ekseli ya gurudumu kubwa. Na kuna kitu ambacho wasimamizi wa mwendelezo, wanaohakikisha kila kitu kinafanana kutoka kipande hadi kipande, huwa hawakijui mpaka kwenye uhariri: vigurudumu vya mbele hugeuka kufuata mwendo wa mwisho. Ukirudi nyuma kuanza teki mpya (kurekodi kipande kile kile tena) vinaelekea upande mwingine, na msukumo wa kwanza unakutupa kando ya alama. Rudi nyuma, songa mbele sentimita 20, kisha simama. Vigurudumu vipigwe picha pamoja na mikunjo ya shati.

Kamera ishuke hadi usawa wa macho ya aliyekaa, kama sentimita 115 hadi 120. Ikibaki juu, kila mhusika mwenye kiti anaonekana anaomba msaada, hata kama kwenye skripti yeye ndiye mwenye nyumba. Waandishi nao waache kumponya mhusika kwa maombi sehemu ya mwisho. Nishakataa skripti za namna hiyo.

Kila nusu saa naegemea mbele, kifua juu ya mapaja, dakika 2. Kujinyanyua kwa mikono kwa sekunde chache hakurudishi damu ya kutosha kwenye ngozi, na kunamaliza mabega.

Saa 7

Chakula, mpira, maji. Ukiacha kunywa ili ukwepe choo unajitafutia maambukizi ya mkojo.

Saa 8 hadi saa 10

Kiyoyozi kinazimwa ili kisisikike, madirisha yanafungwa kwa sababu ya kelele za bajaji, na mimi sitoki jasho chini ya kifua. Joto la mwili linapanda hata nikiwa nimetulia. Kitambaa chenye maji shingoni na chupa ya kupulizia mikono kati ya teki na teki, shati lisiguswe.

Hatari nyingine ni yetu tulioumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu. Kibofu kikijaa, au mkanda ukibana, presha hupanda ghafla: kichwa kinagonga, uso unatoka jasho na kuwa mwekundu. Mtu akiona hivyo asinilaze. Nikae wima, mkanda na viatu vilegezwe, kibofu kitolewe mkojo mara moja, presha ipimwe kila dakika chache. Yangu ya kawaida iko chini, karibu 100 kwa namba ya juu. Ikibaki 150 au zaidi, ni hospitali. Kadi yenye maelezo haya iko mfukoni mwa kiti, na meneja wa seti anayo picha yake kwenye simu.

Saa 1 usiku

Kioo chenye mpini, ukaguzi wa makalio, mkia wa mgongo na visigino. Wekundu usiofifia ndani ya dakika 30 una maana moja: kesho sikai. Siku moja kitandani inalipika. Kidonda kikifunguka kinaweza kuchukua miezi, na kwenye tamthilia miezi ni mhusika "aliyesafiri Mwanza" asirudi tena.

Kama kuna usaili wa kurekodi kwa simu, unafanyika sasa: simu ilale mlalo, umbali wa mita mbili, usawa wa macho. Kipande cha kwanza kionyeshe kiti kizima, wasije wakashangaa siku ya kazi.

Ujumbe wa meneja uzalishaji kwa kawaida huingia muda huu. "Kaka, kesho sini ya 14 ipo ghorofani, vijana watakubeba tu."

"Hapana dada. Ishushwe sebuleni au ipangiwe siku nyingine, kutobebwa kumo kwenye kipengele cha pili cha mkataba. Na nitumie upana wa mlango wa choo cha chini."

Baada ya muda inakuja picha ya mlango, futi kamba ikiwa imetandazwa juu ya fremu: sentimita 68. Basi ni mpira wa mfuko, na sini ya 14 inahamia sebuleni.