Mkataba wa Posta na Daftari la Kimara

Mwezi Septemba 2017, binti yangu akiwa na miezi saba, nilipokea barua ya kunipa kazi ya uhasibu katika kampuni moja yenye ofisi Posta, Dar es Salaam. Wakati huo nilikuwa nikitunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi Kimara, mwendo mfupi kwa miguu kutoka nyumbani, na mwenye duka hakuwa na neno nikichomoka mchana kwenda kunyonyesha. Mshahara wa Posta ulikuwa karibu maradufu, tena na bima ya afya ambayo ingemhudumia mtoto. Majirani walinipongeza kana kwamba nimekwisha kukubali.

Nilichukua karatasi nikapiga hesabu zangu. Niliondoa makato ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na kodi, nikaondoa nauli ya mwendokasi, yaani mabasi ya haraka ya jiji, shilingi 650 kwenda na 650 kurudi, kisha nikakwama kwenye saa. Kazi ilikuwa ya saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kwa foleni ya Kimara Mwisho ningelazimika kutoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili, na jioni, hata bonde la Jangwani ambako mabasi hupita lisipofurika, nisingefika kabla ya saa moja. Kituo cha kulelea watoto cha jirani hakikupokea mtoto wa chini ya miaka miwili. Mama mkwe alikuwa tayari kuja kutoka Moshi, ila ng'ombe wake wa maziwa hawakuwa na mtu wa kuwakatia majani kwa muda mrefu. Mume wangu alikuwa akifanya kazi za zamu. Kila nilivyopanga, mzigo uliangukia kwa dada wa kazi.

Kabla ya kusaini niliomba kuonana na afisa rasilimali watu, nami nikabeba nakala ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo katika kifungu cha 33 inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha amnyonyeshe mtoto wake saa za kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Afisa aliisoma taratibu, akasema sheria inazungumzia kunyonyesha, haizungumzii kuwahi kurudi nyumbani. Nikamweleza kwamba mtoto aliye Kimara hawezi kunyonyeshwa na mama aliye Posta, na kwamba njia pekee ya kuitumia haki hiyo ni kuziweka saa hizo mwisho wa siku. Tulivutana kwa heshima. Mwishowe alikubali nitoke saa tisa na nusu hadi mtoto atimize mwaka, isipokuwa siku za kufunga hesabu za mwezi, na nikasisitiza yaandikwe kwenye nyongeza ya mkataba, kwa kuwa ahadi ya mdomo huondoka na aliyeitoa akihamishwa.

Nyumbani nilianza kukamua maziwa na kumzoesha mtoto kikombe na kijiko, kama muuguzi wa kliniki alivyonielekeza. Kutoka kwangu alikataa katakata, akikipiga kikombe kwa kiganja maziwa yakatapakaa kwenye kanga. Kutoka kwa dada, mimi nikiwa nimejificha chumbani, alikunywa yote na kudai mengine.

Jioni hiyo nilimweleza dada ratiba mpya. Alinisikiliza hadi mwisho, akaifunga kanga yake vizuri, akasema, "Dada, wewe umekwenda Posta kuziombea saa zako. Na mimi za kwangu nikazisemee wapi?"

Swali lilikuwa la haki. Sheria ileile niliyoibeba inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na kwa ratiba niliyomsomea angezimaliza kabla ya Ijumaa. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 40,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wake. Sisi tulikuwa tukimlipa 70,000, na mtaani tulihesabiwa watu wema. Yeye alitaka 110,000, Jumapili nzima iwe yake, na kila saa inayopita saa moja jioni ilipwe shilingi 1,500 pembeni. Mume wangu alinitazama akisubiri nipunguze. Nilichofanya ni kutafuta daftari, nikayaandika masharti yote, tukasaini sote watatu.

Nilianza kazi tarehe 2 Oktoba. Ilipofika mara ya kwanza ya kufunga hesabu nilirudi usiku mtoto akiwa amelala, na kabla sijavua viatu dada alinisalimu, akanipa pole ya kazi, kisha akaniletea daftari na kalamu ili niandike mwenyewe saa niliyoingia. Niliandika saa tatu na robo. Alitaka hiyo robo nayo ilipwe, nami nikailipa.