Nilivyonyanyua pikapu yangu, na dhamana ikaponea chupuchupu

Njia ya kuingilia kambi za warina asali kusini ya Sikonge, mkoani Tabora, haina kifusi wala mtaro. Ina mifereji miwili iliyochimbwa na magurudumu ya malori ya mbao, na katikati limebaki tuta lenye nyasi na visiki. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina uzito wa kilo 28 hivi. Safari moja napakia ndoo 30, yaani kilo 840. Kwa mzigo huo gari linalala, na uvungu unakwangua lile tuta mwendo mzima hadi unafika barabara kuu. Sauti hiyo ukiisikia kwenye gari la mkopo, moyo unauma.

Nilinunua pikapu mpya, dabo kebini ya dizeli, Machi 2021. Dhamana yake ya matengenezo (waranti) ilikuwa miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Ilikuwa na kilomita 22,000 nilipoamua kuinyanyua. Sikutaka mapambo. Nilitaka ipite juu ya lile tuta.

Fundi niliyempata mjini ni kijana mchapakazi, na hadi leo sina kinyongo naye. Aliniambia, "Dada, tunaipandisha inchi mbili tu. Asubuhi unaleta, mchana unaondoka nayo." Bei ilikuwa shilingi 220,000 pamoja na ufundi. Mbele aliweka spesa, yaani kipande kinene cha chuma juu ya shokapu, kila upande milimita 50. Nyuma aliingiza vipande vya chuma kati ya ekseli na springi, akafunga yuboliti ndefu, yaani boliti za umbo la U. Saa nane mchana nilikuwa nimekaa juu kama dereva wa basi, na nilifurahi kweli.

Tatizo lilikuwa ndani ya hesabu yenyewe, na nalieleza kirefu kwa sababu naona watu wengi wanaingia humo humo. Kwenye pikapu nyingi za siku hizi kila gurudumu la mbele lina amu mbili zake, yaani mikono ya chuma inayolishikilia, ya juu na ya chini, na shokapu yenye springi imekanyaga amu ya chini. Haikanyagi mwishoni kwenye gurudumu. Inakanyaga karibu na katikati ya amu. Fikiria mlango: ukiusukuma katikati shubiri moja, ukingo wake unasogea karibu shubiri mbili. Kwa hiyo spesa ya milimita 50 haikuinua gari milimita 50. Kabla ya kazi nilikuwa nimepima kwa futi kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, nikapata sentimita 49. Baada ya kazi zilikuwa 58. Gari lilipanda sentimita 9 mbele, karibu mara mbili ya tulichokusudia, na hakuna aliyerudi kupima siku ile. Mimi mwenyewe nilipima wiki tatu baadaye, usukani ulipokwisha kunitia hofu.

Hofu hiyo ilianzia kwenye lami ya Tabora kwenda Nzega. Gari lilikuwa haliendi moja kwa moja. Nilikuwa nalirekebisha usukani kidogo kidogo, kushoto, kulia, kushoto, hadi mabega yakauma. Nikimaliza kona, usukani haurudi wenyewe, lazima niurudishe kwa mkono. Lililonitisha zaidi ni kwamba lilikuwa linavuta kulia. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kulia ndiko mabasi yanakotokea. Basi moja lilinipita kwa kasi karibu na Nzega, upepo wake ukanisukuma, nikajikuta mikono inatetemeka. Nikaegesha pembeni, nikakaa robo saa nzima ndipo nikaendelea.

Chanzo chake wenye mashine ya alaimenti, ile inayopima magurudumu yamekaaje, wanakiita kasta. Mhimili ambao gurudumu hugeukia haukusimama wima, umeegemea nyuma kidogo, kama uma wa mbele wa baiskeli ulivyolala. Ndiyo maana baiskeli ikiwa na mwendo unaweza kuachia mikono na ikajinyoosha. Unyanyue gari, amu zinashuka, na ule mlalo unapungua. Siku nilipopima Mwanza, kasta ya kushoto ilikuwa digrii 1.4 na ya kulia 0.6, wakati gari langu linatakiwa liwe karibu na 3. Gari huvutwa upande wenye kasta ndogo, na wangu ulikuwa wa kulia. Magurudumu nayo yalikuwa yameegemea nje kwa juu, tairi zikaliwa ukingo wa nje. Vyuma vya kusukuma magurudumu, tairodi, vilikuwa vimeinama kiasi kwamba kila shimo lilikuwa linageuza gurudumu bila mimi kushika chochote.

  

Breki nilichelewa kuzielewa. Nyuma, juu ya ekseli, kuna fimbo ndogo iliyounganishwa na vali inayogawa nguvu za breki. Vali hiyo hupima mzigo kwa kuangalia umbali kati ya ekseli na chasisi. Ekseli ikisogezwa mbali na chasisi kwa vipande vya chuma, vali inadhani gari ni tupu, inapunguza breki za nyuma. Mimi nilikuwa na kilo 840 za asali huku vali yangu inaamini sijabeba kitu. Kurekebisha fimbo ile ni kazi ya dakika 20. Kama umepandisha gari nyuma kwa namna hii, kaangalie leo kabla hujapakia mzigo.

Kilomita 31,000 zilipotimia, raba buti ya upande wa kulia, ile raba inayofunika kiungo cha shafti ya kuzungusha gurudumu, ilichanika. Shafti ilikuwa imeinama mno, mikunjo ya raba ikawa inasuguana yenyewe, grisi ikarushwa kwenye rimu na vumbi likaingia ndani. Nikikata kona ilikuwa inalia tak-tak-tak. Beringi ya gurudumu hilo nayo ilianza kuunguruma. Nikaenda na gari Mwanza kwa wakala aliyeniuzia.

Walilipandisha kwenye lifti, wakapiga picha, wakaandika kwenye kadi ya kazi kwamba gari limebadilishwa. Kijana wa mapokezi akaniambia, "Mama, dhamana yako imekufa." Nikamuuliza, dhamana ya nini? Akasema ya gari lote.

Usiku ule sikulala vizuri. Mpwa wangu anayeishi Marekani alinitumia ujumbe mrefu kwamba hawana haki, kwamba ipo sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inayomzuia mtengenezaji kukuwekea sharti la kutumia vipuri vya jina lake tu, na kwamba huko anayekataa kutengeneza hutakiwa aonyeshe kuwa kifaa ulichoongeza ndicho kilicholeta ubovu. Ni kweli, lakini ni sheria ya Marekani. Nisingeweza kuingia ofisi ya Mwanza nikaipunga. Nilichokuwa nacho mkononi ni kile kijitabu cha dhamana nilichokiacha kwenye kisanduku cha gari tangu siku ya kununua, sijawahi kukifungua.

Nilikisoma chote gesti, neno kwa neno. Hakikusema kwamba ukibadilisha gari dhamana yote inaondoka. Kilisema haifidiwi hitilafu iliyosababishwa na mabadiliko yasiyoidhinishwa. Kuna tofauti kubwa kati ya maneno hayo mawili. Asubuhi nikaomba kuonana na mkuu wa karakana, mtu mzima mwenye miwani. Nilimwamkia, nikamwekea kijitabu mezani. Nilimwambia, "Mzee, sibishi kuhusu shafti na beringi. Vile vyuma ndivyo vilivyoviua, nimekubali na nitalipa. Naomba unieleze vyuma vya mbele vinahusikaje na injini, gia boksi na umeme. Kama vinahusika, niandikie vinavyohusika. Kama havihusiki, niandikie hivyo pia."

Alisoma ile ibara mara mbili. Akavua miwani, akasema, "Binti yangu, wateja wengi wanakuja hapa kugombana. Hakuna anayekuja amesoma." Tulikubaliana hivi, naye akaandika kwenye kadi na kugonga muhuri: amu, shafti za mbele, beringi, tairodi, shokapu na springi vimetoka kwenye dhamana. Injini, gia boksi, umeme, kiyoyozi na bodi vinabaki, mradi huduma ifanyike kwa wakati na spesa zile zitolewe. Ningekuwa nimeomba barua ile kabla ya kunyanyua, ningeokoa fedha nyingi. Shafti na beringi vilinigharimu shilingi milioni 1 na laki 3.

Nilitoa spesa. Sikurudi kwenye urefu wa kiwandani, kwa sababu lile tuta lilikuwa bado lipo. Niliagiza seti kamili: springi na shokapu za mbele zilizotengenezwa pamoja kwa ajili ya kupanda milimita 40, springi za nyuma zenye nguvu zaidi kwa mzigo wa kudumu, na amu za juu zenye boljointi (kiungo ambacho gurudumu hugeukia) iliyosogezwa nyuma ili kasta irudi. Vile vipande vya chuma vya nyuma nilivitupa. Jumla pamoja na ufundi na alaimenti ilikuwa shilingi milioni 5 na laki 4. Ni fedha nyingi, na siwezi kumwambia mtu mwenye biashara ndogo kwamba ni lazima. Ila hili nalisema kwa uzito wote: spesa ya milimita 50 juu ya shokapu, kwenye gari lenye amu za namna hii, haifai kufungwa. Gurudumu likining'inia kwenye shimo, amu ya juu inagonga springi, na shafti inafika kwenye pembe ambayo haikutengenezwa kuifikia.

Baada ya kufunga, niliendesha kilomita 500 ili springi zikae, ndipo nikapima alaimenti. Kasta ilisoma digrii 3.1 kushoto na 3.0 kulia. Kutoka rimu hadi fenda, sentimita 53. Tukarekebisha ile fimbo ya breki, tukashusha taa za mbele maana zilikuwa zinawapiga watu usoni, na tukasawazisha upya sensa ya pembe ya usukani. Nikarudi Tabora kupitia Shinyanga. Karibu na Tinde nilikata kona na kulegeza vidole, usukani ukarudi wenyewe. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, peke yangu ndani ya gari.

Tairi nazo nilibadilisha baadaye, kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17, yaani zenye ukuta mrefu zaidi. Kipenyo kiliongezeka milimita 26, gari likapanda 13. Ujue kwamba spidi inayoonyeshwa inakuwa chini ya ile halisi: kioo kikisema 80, unakwenda 83 hivi. Bima niliwaandikia barua yenye orodha ya vyote nilivyofunga na picha. Walijibu kwa mstari mmoja kwamba wamepokea na wameweka kwenye faili. Mstari huo ninao, kwa sababu ajali ikitokea swali la kwanza litakuwa kama niliwaambia.

Kilomita 64,000 altaneta, ile inayochaji betri, ilikufa nikiwa Inyonga, mkoani Katavi. Gari lilivutwa hadi Tabora, kisha Mwanza. Kijana wa mapokezi akatazama uvunguni, akaona springi za rangi nyingine, akaanza kutikisa kichwa. Nikampa kadi yenye muhuri. Walibadilisha altaneta bila kunitoza hata shilingi.

Na lile tuta? Chini ya injini sasa napita bila kugusa, hata nikiwa na ndoo zote 30. Difu ya nyuma, lile boksi la gia katikati ya ekseli, ni jambo jingine. Springi hunyanyua bodi tu. Ekseli ya nyuma imekaa kwenye magurudumu, kwa hiyo difu ipo palepale ilipokuwa, imepanda zile milimita 13 za tairi basi. Masika malori yakichimba zaidi, inakwangua. Nyuma ya kiti nimeweka jembe na panga. Nikifika pale penye visiki viwili, kabla ya mto, nasimama, nashuka na utingo wangu, tunachonga tuta hatua kama ishirini, kisha tunapita taratibu.