Bushi ya kukaba shafti: usikimbilie nailoni

Jamani hili la bushi za plastiki linaniumiza, kila anayetaka bushi ya kukaba, ile yenye mpasuo inayokaa kati ya klampu na shafti, anaenda dukani anasema nipe nailoni, na muuzaji naye anamkatia kipande chochote cheupe. Nailoni ni ngumu kweli, haisagiki ovyo, kwa bushi ya shafti inayozunguka sina neno. Lakini inakunywa maji. Nailoni 6, aina mojawapo ya nailoni, ikilowekwa mpaka ishibe inabeba kama asilimia 9 ya uzito wake, na kwa unyevu wa Dar hata usipoitia maji inavimba taratibu, sasa piga hesabu, kwenye milimita 30 nusu asilimia tu ni milimita 0.15 na wewe uliichonga ikae bila kucheza.

La pili, ambalo ndilo kubwa, plastiki ikibanwa muda mrefu inalegea yenyewe. Bolti hujaigusa, ila baada ya muda shafti inaanza kuteleza. Teflon, plastiki nyingine, ndiyo mbaya kabisa hapo, inasogea kama ugali wa moto ukiukandamiza, halafu utelezi ndiyo sifa yake, sasa itakaba nini?

Mimi kwa kazi hii nachukua asetali, wengine wanaiita POM au Delrin. Maji inayokunywa ni kidogo sana, hata ikishiba ni kama asilimia 1 tu, na kwenye leth, mashine ya kuchonga, inakatika safi, chipsi zake fupi fupi wakati za nailoni zinatoka ndefu zinajisokota kwenye chaki, ile sehemu ya leth inayoshika kazi. Angalia hapo maana zote mbili zinaweza kuwa nyeupe na zote zinazama kwenye maji, ile inayoelea ni polietilini au polipropilini, irudishe dukani. Tafadhali asetali usiichome kuijaribu, inatoa gesi ya fomaldehidi, inawasha macho na koo vibaya.

Ukuta usiufanye mnene, plastiki nyembamba iliyozungukwa na chuma haina pa kukimbilia. Na mpasuo uache wazi hata ukishakaza, kingo zikigusana nguvu ya bolti inaishia pale pale shafti haiipati. Kaza, iache ilale, kesho yake kaza tena. Karibu na ekzosi usiiweke kabisa, joto likikaa juu ya nyuzi 100 haitadumu, pale chonga ya alumini tu.