Mshipi wa nzi bandia ukijiviringa: kwanza ujue ni mkunjo au ni msokoto

Chomoa mita kumi za mshipi wa kuvulia kwa nzi bandia, yaani ndoana iliyovikwa manyoya ifanane na mdudu, kutoka kwenye rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) iliyolala kabatini tangu masika, uzilaze juu ya maji pale ziwa Duluti, Arusha, na utaona zinaelea kama springi za godoro kuukuu. Hapo ndipo watu huanza kuvuta. Wanavuta kwa nguvu zote, wanaufunga kwenye mti, wanaurudisha kwenye rili, na kesho yake springi zile zile zimerudi. Mara nyingi kosa si kwamba hawakuvuta vya kutosha. Walitibu malaria kwa dawa ya minyoo.

Mshipi ukijiviringa una shida moja kati ya mbili. Ya kwanza ni mkunjo: umekaa muda mrefu kwenye rili mpaka umeshika umbo la rili, ndiyo maana wavuvi husema mshipi una kumbukumbu. Ya pili ni msokoto: mshipi umezungushwa kwenye mhimili wake, kama kamba ya katani inavyosokotwa. Kuvuta huondoa mkunjo. Msokoto hauondoki kwa kuvuta hata ukivuta mpaka jioni, kwa sababu ncha zote mbili zimeshikwa na mizunguko haina pa kutokea.

Kupima ni kazi ya nusu dakika. Shika kipande cha mita moja hivi, mkono huku na mkono kule, kisha sogeza mikono ikaribiane ili mshipi uning'inie kama herufi U. Pande mbili za U zikianza kujizungushia zenyewe kama nyoka wawili, huo ni msokoto. Zikitulia, lakini mshipi ukiuachia unajikunja duara kwa duara, zote za ukubwa mmoja na za kuelekea upande mmoja, huo ni mkunjo. Zinaweza kuwepo zote mbili, na hapo anza na msokoto.

Kwa nini kujisumbua? Katika uvuvi huu kinachorushwa ni uzito wa mshipi, si wa chambo; nzi wa manyoya hana uzito wa kutajwa. Mshipi namba 5 (namba hutaja uzito) una takriban gramu 9 tu katika mita 9 za mbele, na gramu hizo ndizo zinazovuta mshipi uliobaki upite kwenye pete za ufito, yaani fimbo ya kuvulia. Kila duara linalogonga pete ya kwanza linaiba mwendo. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mikunjo iliyolala juu ya maji ni ulegevu uliojificha. Perege akionja nzi, kwanza ananyoosha springi zako, na mkono wako unapopata habari yeye ameshatema.

Msokoto huanza mapema, mara nyingi siku ile ile mshipi unatoka dukani. Unakuja umezungushwa kwenye kigurudumu cha plastiki, na mtu huulaza mezani akauchomoa kwa ubavuni. Kila duara likitoka hivyo linaacha mzunguko mmoja kamili ndani ya mshipi. Kigurudumu chenye kipenyo cha sentimita 13 kina mzingo wa karibu sentimita 40, kwa hiyo mshipi wa mita 27 unapata mizunguko kama 65 kabla haujagusa maji. Pitisha penseli katikati ya kigurudumu, mwenzako aishike kwa mikono miwili, kigurudumu kizunguke chenyewe wakati wewe unajaza rili. Chanzo kingine ni nzi mwenye mabawa makubwa anayezunguka hewani kama feni, na mtupo ambao ufito unachora duara badala ya kwenda na kurudi kwenye mstari mmoja.

Kuutoa ni rahisi: kata nzi, achia mshipi wote kwenye maji yanayotiririka, uuache uburuzwe na mkondo dakika tano hadi kumi. Ncha ya mbele ikiwa huru itajizungusha mpaka msokoto uishe. Kwenye ziwa, uburuze nyuma ya mtumbwi. Kama huna maji karibu, uburuze kwenye uwanja wa mpira wenye majani mafupi, na uwe umeng'oa kila kitu kilichofungwa mbele. Usiuburuze kwenye changarawe wala vumbi la volkano letu hili, maana linakwangua ganda kama msasa.

Sasa mkunjo. Mshipi wa nzi una kiini, mara nyingi cha nailoni, na juu yake ganda la plastiki. Nyingi ni PVC iliyolainishwa, baadhi ni poliyurethani. Ukiuzungusha kwenye duara dogo, upande wa nje unanyoshwa na wa ndani unabanwa. Plastiki iliyolazimishwa muda mrefu hukata tamaa ya kurudi ilikokuwa. Chukua mshipi wa unene wa milimita 1 kwenye rili yenye kitovu (sehemu ya katikati mshipi unapozungushwa) cha kipenyo cha sentimita 3: upande wa nje umenyoshwa kama asilimia 3. Kitovu cha sentimita 6 kinapunguza hilo kwa nusu. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, pesa ya kununulia mshipi wa pili ingefaa zaidi ikinunua rili yenye kitovu kipana. Kama utabaki na rili uliyo nayo, ongeza uzi wa akiba wa dakroni chini ya mshipi, uuzungushe kwa kukaza, mpaka mshipi ukija juu ubakize nafasi ya kama milimita 5 kabla ya ukingo. Mita 50 za akiba hupanua kitovu, na hilo ni muhimu kuliko samaki wa kukimbia mita hizo, ambaye huku kwetu humpati.

Jambo linalosahaulika zaidi Moshi na Arusha ni joto. Kuna mishipi iliyotengenezwa kwa nchi za joto, kiini chake ni nailoni ya uzi mmoja mgumu, ili isilegee juani. Huo unafaa kabisa bwawa la Nyumba ya Mungu saa saba mchana. Uupeleke kwenye vijito vya juu vinavyoshuka Kilimanjaro au Meru, mahali ambapo trauti, samaki wa maji baridi, walipandikizwa enzi za ukoloni, na ndani ya dakika chache unakuwa waya. Wa maji baridi nao, wenye kiini cha nailoni ya kusukwa, ni mlaini mlimani, lakini uuache kwenye dashibodi ya gari Moshi mwezi wa Februari, unalegea na kunata kwenye pete. Mshipi mmoja hautoshi maji yote mawili. Ukilazimika kuwa na mmoja, chukua wa maji baridi na uufiche jua. Mlaini unaonata unavulika, waya hauvuliki.

Kunyoosha kunakwenda hivi. Chomoa urefu utakaotupa tu, mita 15 hadi 20, si wote. Mwenzako ashike mbele, wewe shika nyuma, au uzungushe kwenye nguzo laini iliyofungwa kitambaa. Gome la mgrevilea litaujeruhi. Vuta taratibu mpaka uhisi mshipi unarefuka kidogo, shikilia sekunde 10, legeza taratibu, rudia mara mbili. Nguvu ya kuinulia mfuko wa sukari wa kilo mbili au tatu inatosha. Ukivuta kwa kushtua, ganda linapasuka nyufa ndogo usizoziona, na baadaye mshipi unakatika mgongo pale pale kila unapotupa. Usiuzungushie kwenye kiganja, unakata nyama na unaacha kona. Na usivute kwa ufito. Ufito haukuumbwa kwa kazi hiyo.

Mkunjo mkaidi unahitaji joto kidogo. Maji ya uvuguvugu ya kuogea mtoto, tone la sabuni ya kuoshea vyombo isiyo kali, loweka dakika 10 hadi 15, futa kwa kitambaa laini, kisha unyooshe ungali na joto na uuache upoe ukiwa umenyooka. Samaki mkunje angali mbichi, na mshipi unyooshe kabla haujapoa. Ukiukunja upya kwenye rili ungali na joto, umeufundisha umbo lile lile upya, tena vizuri zaidi. Maji ya kuchemka na boneti ya gari havina nafasi hapa. Mishipi yenye kiini kisichonyumbulika haibadiliki sana kwa kuvuta, hivyo hiyo tegemea uvuguvugu zaidi kuliko misuli.

Uzi mwembamba wa mbele nao hukunjika. Wa nailoni lowesha, upitishe kwa vidole mara tatu nne. Kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokunjwa hufanya kazi nzuri, ila ukihisi unaunguza, umeshaudhoofisha. Wa fluorokaboni, plastiki ya aina nyingine, ni mgumu zaidi kunyooka na hauna shukrani.

Dawa ya mbu yenye DEET huyeyusha ganda. Ipake kwa kutumia mgongo wa mkono, au mwambie mwenzako akupake, kisha nawa vidole kabla hujashika mshipi. Petroli na sabuni ya unga nazo hunyonya kile kilainishi kinachoifanya PVC iwe laini, na mshipi uliokosa kilainishi hauna kuvuta wala kuloweka kutakakousaidia: unakauka, unapasuka, unazama mbele.

Kama hutavua miezi miwili au zaidi, utoe kwenye rili. Uzungushe kwa ulegevu kwenye ndoo ya lita 20, ambayo kipenyo chake ni kama sentimita 30, chomoa duara lote, funga sehemu nne kwa vitambaa, ning'iniza kwenye msumari mpana ndani, gizani. Kwenye duara hilo ule mnyosho wa asilimia 3 umeshuka hadi asilimia 0.3.

Mwenye mshipi uliochongoka sawa ncha zote mbili ana nafasi ya pili: ncha ya mbele ikichakaa, unaugeuza, na ile iliyokuwa ndani inakuwa mbele. Lakini hiyo imelala miaka yote kwenye duara dogo kuliko zote. Iloweke na kuinyoosha siku moja kabla, si ukiwa umeshafika majini.