Siku 30 za kurudi nyuma

Juni 2016 nilikuwa na steshenari Morogoro, chumba kimoja kwenye barabara inayoelekea stendi ya Msamvu. Nilikuwa na mashine ya kutoa kopi, printa ya leza, printa ndogo ya rangi kwa ajili ya picha za pasipoti, laptopu niliyotoka nayo chuoni, na kompyuta ya mezani niliyoinunua mtumba Kariakoo. Hiyo ya mezani ndiyo iliyokuwa ikinilisha. Barua za maombi ya kazi, ripoti za wanachuo, kadi za michango ya harusi, hesabu za duka, vyote vilipita humo.

Jumatatu ya tarehe 6 nilifika dukani saa mbili kasoro nikamkuta mwanachuo ameketi kizingitini, flashi mkononi. Ripoti yake ya utafiti ilikuwa na kurasa 84. Alitaka nakala tatu, zibanwe kwa spairo, zimfikie msimamizi wake kabla ya saa kumi.

"Ingia mdogo wangu, hiyo kazi ya nusu saa," nikamwambia, nikawasha kompyuta.

Picha ya milima ya Uluguru niliyokuwa nimeiweka kwenye skrini haikutokea. Lilitokea duara kubwa katikati ya weusi mtupu, ndani yake imeandikwa 7%. Chini yake maneno ya Kiingereza yakasema mfumo unaboreshwa, nisizime. Tukakaa tunaliangalia lile duara. Baada ya robo saa likasoma 11%. Yule kijana alikuwa mpole, hakulalamika, ila mguu wake ulikuwa ukicheza chini ya kiti. Lilipofika 27% akasimama. "Pole dada. Ngoja nikajaribu kule juu, nisije nikachelewa." Nikamrudishia flashi yake. Nilimwona akivuka barabara akiingia kwenye duka la mwenzangu, na sikuwa na la kusema.

Ilifika saa nne na dakika arobaini ndipo ikawaka. Mfumo ulikuwa mwingine kabisa: Windows 7 yangu ilikuwa imegeuka kuwa Windows 10. Kila kitu kilikuwa kimehamishwa mahali pake, kama umerudi nyumbani ukakuta mtu kakupangia upya vyombo vya jikoni. Faili zangu zilikuwepo, namshukuru Mungu. Printa ya leza ilionekana kwenye orodha lakini nikiituma kazi inakwama kwenye foleni. Printa ya rangi haikuonekana kabisa. Na modemu, nilipoangalia salio, bando lilikuwa sifuri.

Hapo ndipo nikaelewa kilichokuwa kikinisumbua wiki ile nzima. Bando la wiki nililolinunua Jumatatu iliyotangulia lilikwisha Jumatano. Nikanunua jingine, nalo likayeyuka. Nilidhani mtandao wa simu unanikata, nikapiga simu huduma kwa wateja, nikazungushwa. Kumbe kompyuta yenyewe ilikuwa inapakua toleo jipya kimyakimya, zaidi ya GB 3, huku mimi nahudumia wateja.

Kwa miezi kadhaa kulikuwa na kidirisha kilichokuwa kinajitokeza kwenye pembe kunikaribisha nihamie toleo jipya, bure. Kila kilipokuja nilibofya ile alama ya X ya kukifungia. Kwangu mimi X maana yake hapana. Ndivyo nilivyofundishwa siku ya kwanza kushika kipanya: ukitaka kitu kiondoke, bofya X. Mwezi ule wa Mei maneno ya kidirisha yalikuwa yamebadilika. Sasa kilikuwa kinakwambia kuwa kazi imepangwa siku fulani, saa fulani, na ukibofya X umekifunga tu, mpango unabaki palepale. Ili kukataa, ilibidi usome mpaka chini, kwenye mstari wenye maandishi madogo. Nani anasoma maandishi madogo huku mbele yake kuna foleni ya watu watano?

Sura mpya ningeizoea. Nasema kweli, ilikuwa hata na wepesi fulani, iliwaka haraka kuliko ile ya zamani. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimesema hapana, kila siku, kwa njia niliyofundishwa, na hapana yangu ikapokelewa kama kimya. Kompyuta ile niliilipia kwa akiba ya mwaka mzima. Risiti ninayo mpaka leo.

Milango mitatu kutoka kwangu alikuwepo kijana fundi wa simu na kompyuta. Alikuja jioni ile, akanipa pole, akakaa na kuangalia. Akaniambia jambo ambalo ndilo lililoufanya mwezi ule kuwa ulivyokuwa: "Dada, hawa wamekuachia mlango. Una siku 30. Ndani ya hizo unaweza kuirudisha kama ilivyokuwa. Zikipita, ule mfumo wa zamani unafutwa na huwezi tena kurudi kirahisi." Tukahesabu kwa vidole. Ramadhani ilikuwa inaanza, na siku 30 zilikuwa zinaangukia palepale kwenye Idi.

Kwanza akanitengenezea printa ya leza kwa draiva mpya, ile programu ndogo inayoielewesha kompyuta printa. Ile ya rangi ikashindikana, waliotengeneza hawakuwa wametoa draiva ya toleo jipya kwa modeli ya zamani kama yangu. Picha za pasipoti zilikuwa zinanilipia kodi ya chumba. Kwa hiyo kubaki kwenye mfumo mpya kulimaanisha kununua printa nyingine. Kurudi kwenye ule wa zamani kuliwezekana, na ulikuwa bado unapata viraka vya usalama mpaka Januari 2020. Lakini kidirisha nacho kingerudi. Fundi alijua namna ya kukizima, ila hakuweza kuniahidi kwamba hakitatafuta njia nyingine.

"Kuna la tatu," akasema. "Hamia Ubuntu."

Jina nililijua: mfumo wa kompyuta wa bure, unaoweza kukaa mahali pa Windows. Mwaka 2008 nikiwa chuoni zilikuja bahasha zenye CD za Ubuntu, zikitumwa bure duniani kote, hata gharama ya posta hulipi. Tuligawana. Nilikumbuka tulivyolizungumza lile jina, maana halihitaji kamusi kwetu: mtu, watu, utu, ubuntu. Aliyeanzisha kazi hiyo mwaka 2004 ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina kalitoa kwenye lugha za kwao, ndugu za Kiswahili. Mwaka huohuo wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Hilo niliambiwa na mhadhiri wetu kwa fahari kubwa, na mpaka leo nasikitika kwamba haikuenea madukani kama kwangu, ambako watu wanatafuta neno la kuhifadhi faili kwa lugha ya kigeni. Niliitumia ile CD yangu wiki moja, kisha nikarudi kwenye nilichozoea, kwa sababu kila mtu alikuwa huko.

Sasa fundi alikuwa na toleo la 16.04, lililotoka Aprili ile ile, likiwa na ahadi ya kuhudumiwa miaka mitano, yaani mpaka 2021. Alikuwa nalo tayari kwenye flashi, GB 1.4 tu, kwa hiyo halikugusa bando langu. Na kulikuwa na jambo lililonipa moyo: unaweza kuliwasha kutoka kwenye flashi na kulijaribu bila kugusa chochote kilichomo ndani ya kompyuta. Ukichomoa na kuwasha upya, kila kitu kiko kama ulivyokiacha.

Basi nikajaribu usiku. Mchana nilifanya kazi na mfumo mpya, maana wateja hawasubiri majaribio. Fundi alikuwa amefunga, akifuturu ndipo anakuja, mara nyingine na kashata kwenye gazeti. Tulishusha mlango nusu, nikachomeka flashi, nikabonyeza F12, nikachagua. Printa ya leza ikaonekana yenyewe baada ya sekunde chache, bila CD ya draiva, na ukurasa wa kwanza ukatoka safi. Ya rangi ikakataa hata huku.

Kisha nikafungua kazi za wateja, na hapo nikaogopa. Yule mwanachuo alikuwa amerudi Jumatano kutoa nakala ya ziada, na kwa ruhusa yake nilibaki na faili ya ripoti ili nifanyie majaribio. Kurasa 84 zilifunguka zikiwa 87 kwenye LibreOffice, programu ya kuandikia inayokuja na Ubuntu. Orodha ya yaliyomo ilisema sura ya nne iko ukurasa wa 41, nawe ukienda unaikuta wa 43. Jedwali moja lilikatika katikati, vichwa vya safu huku, tarakimu kule. Ripoti ya mtu ni miaka mitatu ya maisha yake, siwezi kumkabidhi ikiwa imevunjika. Usiku ule nilimwambia fundi kwamba shauri limekwisha, narudi nilikotoka.

Hakubishana. Kesho yake akaja akaniwekea fonti zilizokosekana, maana tatizo kubwa lilikuwa hapo: Times New Roman halisi haikuwemo, na kwenye vichwa kulikuwa na fonti nyingine ambayo mfumo uliibadilisha kwa inayofanana nayo tu. Ripoti ikashuka kuwa 85. Ule ukurasa mmoja ulitokana na jedwali, na haukuondoka mpaka nilipolirekebisha kwa mkono. Tukakubaliana kwamba nikihama, nitawaomba wateja walete PDF, faili ambayo mpangilio wa kurasa zake haubadiliki, na asiyejua kuitengeneza nitamwonyesha. Niliandika kabisa kwenye karatasi nikabandika ukutani, na nilishangaa jinsi watu walivyolipokea jambo hilo bila shida.

Kilichonigeuza moyo kilikuwa kitu kingine, nacho nilikiona mchana. Kila mwenye steshenari anakijua kile kirusi cha flashi cha miaka ile: unafungua, unakuta faili zako zote zimekuwa njia za mkato, ukibofya hazifunguki, na mashine yako nayo tayari imeambukizwa. Siku hiyo alikuja mama mmoja, mwalimu, na mitihani ya darasa lake la saba kwenye flashi. Kwenye laptopu zilikuwa njia za mkato tupu. Alikaa kwenye kiti akajishika kichwa. "Mwanangu, nimechapa usiku kucha. Sina nakala."

Nikakumbuka. Nikawasha ya mezani kutoka kwenye flashi ya fundi, nikachomeka ya mwalimu pembeni. Zikatokea zile njia za mkato, mfu, hazina nguvu yoyote pale, na chini yake folda moja isiyo na jina. Nikaifungua. Hisabati. Kiswahili. Sayansi. Maarifa ya Jamii. Zote zimo, nzima, kirusi kilikuwa kimezificha tu. Mwalimu alisimama akaja kusoma majina ya faili moja moja kwenye skrini kwa kidole, kama anayeita mahudhurio. Nilimtolea kopi zote, na aliponilipa akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Niliwaza sana siku zilizofuata. Niliandika kwenye daftari la mauzo, upande wa nyuma, ni kazi ngapi kwa siku zinazohitaji nini. Kuprinti na kuchapa zilikuwa nyingi kuliko zote, na hizo Ubuntu iliziweza. Hesabu za duka zilikuwa kwenye jedwali la kawaida, zikafunguka bila tatizo. Zikabaki picha za pasipoti. Laptopu yangu ilikuwa bado na mfumo wa zamani na ilielewana na printa ya rangi. Nikaamua laptopu ibaki hivyohivyo, kwa kazi hiyo moja, na nisiichomekee modemu hata siku moja. Isiyo na intaneti haiwezi kupakua kitu nyuma ya mgongo wangu.

Fundi alipendekeza ya mezani tuiwekee mifumo yote miwili, niwe nachagua kila ninapowasha. Wengi hufanya hivyo. Nilikataa. Nilijijua: mifumo ikiwa miwili, siku ya kwanza ya foleni ndefu ningekimbilia niliouzoea, kama nilivyofanya mwaka 2008.

Usiku wa kuamkia Idi, siku moja kabla ya ule mlango wa siku 30 kufungwa, tulikuwa dukani. Nje watu walikuwa wanabishana kama mwezi umeonekana. Nilikuwa nimenakili kila faili kwenye diski ya nje, nikahesabu folda mara mbili, kisha mara ya tatu. Fundi akasogeza kiti pembeni. "Bofya mwenyewe, dada. Mashine ni yako."

Iliniuliza lugha. Iliniuliza kama nifute diski nzima, ikanionya kwamba kilichomo kitapotea, ikasubiri. Nikathibitisha. Ikaleta ramani ya dunia ikitaka kujua niko wapi. Nikabofya ubavuni mwa Afrika, kwenye Bahari ya Hindi kidogo, nikasogeza, na kwenye kisanduku kikaandikwa Dar es Salaam. Ikaniuliza jina langu.

Mara tu baada ya lugha, kabla ya kufika kwenye diski, ilikuwa imeniuliza kama ningependa ipakue masasisho wakati inajisakinisha. Kulikuwa na kisanduku kidogo cha kuweka tiki. Nilikitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba fundi akaniuliza kama kuna shida. Nikamwambia hakuna, nasoma tu. Kwenye modemu nilikuwa na MB 300. Nikakiacha kitupu, nikabofya endelea, na ikaendelea bila hayo masasisho.