Basi Lilitufia Njiani Ijumaa Jioni

Wenye basi walituambia fundi angefika baada ya saa moja. Ilikuwa saa kumi na mbili, Ijumaa ya Julai, kwenye barabara namba 17 ya jimbo la New York, kidogo kabla ya kufika Monticello. Nimeketi juu ya katoni ya maji ukingoni mwa lami, malori yanapita yakitupepea vumbi, na kundi zima la vijana wa Kiyahudi linatazama jua, maana likizama Sabato inaanza. Kwetu Eldoret, Sabato ingekuwa inabisha hodi wakati huo. Huku jua la kiangazi linagoma kuzama hadi saa mbili na zaidi za usiku, kwa hiyo tulikuwa na muda wa kutosha kubishana.

Nilifika Marekani kwa viza ya vibarua wa kiangazi, nikapangiwa jikoni kwenye kambi ya vijana wa sekondari. Ada ya wakala ilikuwa imeshakula nusu ya mshahara kabla sijapanda ndege, na mbu wa milima ya Catskill wanauma kama wamelipwa. Kambi hiyo huchanganya kwa makusudi watoto wa madhehebu ya Kiyahudi: wa Kiorthodoksi washikao sheria zote, wa Conservative walio katikati, wa Reform walio huru zaidi, na wale ambao nyumbani kwao sala ni ya harusi na msiba tu. Alhamisi tuliwapeleka jijini New York kuona masinagogi: lile la mtaa wa Eldridge lililofunguliwa 1887, makao ya Walubavitch, kundi moja la Wahasidi, yaani Waorthodoksi wakali wa desturi, pale 770 Eastern Parkway ambako wanawake husali kwenye roshani yao, na Central Synagogue la 1872, lenye ogani, ambako mume na mke hukaa benchi moja. Nakumbuka zaidi bei ya mkate wa nyama niliouziwa Manhattan. Kwa pesa hizo, kwetu ningepata kuku mzima na chenji.

Tukiwa njiani kurudi kambini ndipo basi likafa, na hoja zikaanza. Mvulana wa Kiorthodoksi alisema jua likizama hapandi gari lolote. Msichana mmoja, mwenye kofia ndogo ya sala ambayo mimi nilidhani ni ya wanaume tu, akajibu kwamba wanazuoni wa Conservative waliruhusu tangu 1950 kuendesha gari siku ya Sabato, mradi uwe unakwenda sinagogi. "Na sinagogi liko wapi hapa?" akaulizwa. Wakacheka wote, naye akacheka. Kijana wa Reform akasema yeye Sabato yake ni kuwa na wenzake, atapiga gitaa ndani ya basi, liende lisiende. Rabi wetu, mama wa makamo mwenye sauti ya ualimu, aliwaacha waseme hadi wachoke. Kisha akakata shauri: kuokoa uhai hutangulia Sabato, kwa hiyo hakuna atakayelala kando ya barabara kuu, lakini ruhusa hiyo inatufikisha mahali salama pa kwanza, haitupeleki kwenye vitanda vyetu.

Nilikaa kimya nikiwaza kanisa letu. Mimi ni Msabato wa kuzaliwa. Ijumaa ni siku ya maandalio, viatu vinapigwa rangi mapema na chakula cha kesho kinapikwa leo. Tulipokosana juu ya ngoma na kinanda ibadani, hatukubishana hivi. Sabato ya pili yake tulikuta kibao kipya cha kanisa ng'ambo ya barabara, na shangazi yangu upande ule hatusalimii hadi leo.

Fundi hakuja. Aliyekuja ni mzee wa Kihasidi, koti refu jeusi, mashavu yamezungukwa na vishungi vya nywele, anaendesha kwa haraka kwa sababu naye jua linamkimbiza. Wahasidi wa Brooklyn huhamia milima hii kila kiangazi, kwenye nyumba ndogondogo za mbao. Zao zilikuwa hatua chache mbele. "Njooni wote," akasema, hakuuliza nani ni wa dhehebu gani. Simu na pochi zikaachwa kwa dereva, tukaenda kwa miguu.

Walitulisha vizuri mno. Mchana wa Jumamosi kilipakuliwa choleni, chungu cha maharagwe, shayiri, viazi na nyama kilichokaa motoni tangu Ijumaa, maana Sabato hawawashi moto. Ila usiku ule chumba walichotupa sisi wa jikoni kilikuwa tanuri. Bibi mwenye nyumba akapita mlangoni, akatazama kiyoyozi kilichozimwa, akatazama dari. "Lo, joto lilivyo leo!" Akaondoka. Baada ya muda akarudi: "Wageni watalalaje na joto hili?" Ndipo nikang'amua kwamba sheria yake haimruhusu kuwasha wala kuniagiza waziwazi, ila mimi, nisiye Myahudi, haikunifunga. Sasa, Sabato ni yangu pia! Lakini kwetu hakuna aliyenikataza kubonyeza swichi, nikabonyeza. Nyumbani baba humwachia jirani Mkatoliki kukamua ng'ombe Jumamosi, na sijawahi kumsikia akimwagiza waziwazi.

Mwenzangu mmoja, mlezi wa vijana, ametoka Mbale, Uganda. Yeye ni wa Abayudaya, watu ambao kiongozi wa Kiganda Semei Kakungulu aliwaingiza katika Uyahudi mwaka 1919, na ambao Idi Amin aliwapiga marufuku. Wenyeji walimpa kiti cha mbele na kipande kikubwa cha samaki, kisha wakamuuliza ni rabi gani aliyemwingiza. Jibu halikuwatosha. Asubuhi, wavulana wetu wa Kiorthodoksi waliitwa mmoja mmoja kwenye usomaji wa Torati, ambayo ni heshima; yeye hakuitwa. Alitulia kitini mpaka mwisho wa kisomo, akatoka nje.

Nje, chini ya mti, yule msichana wa kofia alikuwa amekusanya wenzake, wavulana kwa wasichana. Sala yao inataka watu kumi, na watu hawahesabiwi kwa namba, jambo ambalo bibi yangu angeliunga mkono. Wanasoma mstari wa Zaburi ya 28, ule wa "Uwaokoe watu wako", wenye maneno kumi kwa Kiebrania, neno moja kwa kila kichwa. Neno la kumi lilikuwa limekosa mtu. Kijana wa Mbale akasogea, likamwangukia. Bibi wa kiyoyozi alikuwa dirishani. Hakusema kitu, ila walipomaliza alitoka na sinia la keki akaliweka kwenye majani karibu nao.

Nyota zilipotoka, basi jingine lilikuja. Mvulana wa Kiorthodoksi alikaa kando yangu. Amefundishwa kwamba mwaka 1903 Waingereza waliwapa Wayahudi Uganda iwe nchi yao. Nikamwambia haikuwa Uganda ya leo, ilikuwa Uasin Gishu, kwetu Eldoret kabisa, na mkutano wa Wazayuni, waliokuwa wakiwatafutia Wayahudi nchi, ukaikataa 1905. Akauliza wakati huo huko waliishi nani. Nikamtajia Wamasai wa zamani walioacha jina hilo, na Wanandi, ambao Waingereza walimuua kiongozi wao Koitalel arap Samoei mwaka huohuo wa 1905. Sabato ilikuwa imekwisha, simu anayo mkononi. Akaomba nimtajie jina hilo herufi kwa herufi.